Moto wa Pande Mbili

Kitenzi kuota hubeba mizigo mitatu. Mbegu huota, aliyelala huota, na mwenye baridi huota moto. Kamusi huvitenga vitenzi hivyo, kila kimoja na tarakimu yake, lakini sisi watunzi wa mashairi tumezoea kujifanya hatuioni mipaka hiyo. Mimi mwenyewe nimewahi kuvitumia vyote vitatu katika ubeti mmoja nikajiona mjanja. Basi tuliponunua nyumba hapa St. Paul, katika jimbo la Minnesota, ambako baridi ya Januari huweza kushuka hadi nyuzi 25 chini ya sifuri, sikuangalia paa wala bustani. Niliangalia ukuta wa katikati.

Nyumba ni ya miaka ya 1950. Katikati yake imesimama nguzo pana ya matofali ipandayo hadi juu ya paa, nayo ndiyo dohani. Upande wa sebuleni nguzo hiyo ina uwazi wa kuwashia moto, upana wake kama sentimita 90 na kimo chake 70. Upande wa pili, palipokuwa chumba cha kulia chakula, niliona umbo la uwazi kama huo, ila limezibwa kwa matofali ya rangi nyingine. Mtu mmoja alijenga moto wa pande mbili, na mtu mwingine, miaka mingi baadaye, akaufumba jicho moja. Sikujiuliza kwa nini. Chumba hicho tulikigeuza kuwa chumba cha mama yangu, maana magoti yake hayapandi ngazi tena.

Mama ni mtu wa Usambara, mzaliwa wa vijiji vya juu ya Lushoto. Wenzetu wa pwani hawaamini kwamba ndani ya mkoa wa Tanga kuna mahali ambapo Julai ukungu hulala bondeni hadi asubuhi iwe kubwa, na watu huenda shambani wamejitanda mablanketi. Huko nilizaliwa, huko nikaota moto, na huko likazaliwa wazo langu. Nitayatoa yale matofali ya upande wa pili. Nitanunua kuni. Mama atakaa upande wake na sisi upande wetu, na moto utakuwa kati yetu kama enzi za mafiga.

Nilimpelekea habari hiyo jioni moja, baada ya shikamoo na marahaba, naye alikuwa akichambua mchele ambao hapa hauna hata chembe ya mawe. Huuchambua hivyo hivyo.

“Kuni?” aliuliza.

“Ndiyo, mama. Kama nyumbani.”

“Na nani atakayeukoka huo moto?”

“Mimi.”

Alicheka kidogo, akarudi kwenye ungo wake. “Wewe hujawahi kukoka moto, mwanangu. Wewe uliota.”

Sikumjibu. Hata leo sijui kama alikusudia maana moja au mbili.

Yapasa nieleze hapa kwamba mama hakuwa akiniona mgeni katika jambo hili. Alikuwa ameusikia ubeti wangu. Miaka michache iliyopita nilitunga shairi juu ya jiko la utotoni, likasomwa katika kikao cha Waswahili wa mji huu, na watu wazima wakafuta machozi. Ubeti wake wa kwanza ni huu:

Mafiga yale matatu, ndiyo yaliyotulea,
Hapo ndipo penye utu, ngano tukizipokea,
Harufu ya moshi katu, kwangu haijapotea,
Humuwaza mama yetu, jikoni akichochea.

Mizani imetimia, vina havina kasoro. Mama, aliyekuwa ameketi safu ya mbele na kanga yake mpya, alipiga makofi pamoja na wengine. Tulipokuwa garini akaniambia, “Umepanga vizuri. Lakini huyo anayechochea ni mimi, na hukuniuliza kitu.” Nilidhani ananitania.

Na jambo lililonitia haya zaidi, nilipolikumbuka mbele ya ule ungo wa mchele, ni la mwaka mmoja kabla ya shairi. Nilimpeleka hospitali kwa kikohozi kisichokwisha. Daktari, baada ya kuzitazama picha za mapafu, aliniomba nimuulize mama alivuta sigara kwa miaka mingapi. Nikatafsiri. Mama akanitazama kama aliyetukanwa. “Mwambie sijavuta sigara hata siku moja. Nilivuta jikoni.” Nikatafsiri tena, na neno la Kiingereza nililolitumia kwa jiko likaleta akilini mwa daktari kabati nyeupe, bomba la maji na dirisha. Ilibidi nieleze: chumba cha udongo kisicho na dirisha, mawe matatu, kuni mbichi za masika, mtoto mgongoni, mara tatu kwa siku, tangu umri wa miaka minane. Daktari akaacha kuandika. Alisema anaijua hali hiyo vitabuni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani, ambayo kwa sehemu kubwa ni moshi wa mapishi, iliwaua watu milioni 3.2. Mimi niliyeieleza hali hiyo kwa ufasaha wa mkalimani ndiye niliyerudi nyumbani, na baada ya miezi kadhaa nikaisifu harufu ya moshi kwa mizani kumi na sita.

Kwa hiyo kuni tukaziacha. Mke wangu, ambaye ana busara ya kutosema “nilikwambia”, alipendekeza gesi. Nyumba nyingi hapa zina bomba la gesi asilia tayari, kwa ajili ya tanuri la kupashia nyumba joto, na tawi la bomba hilo laweza kufikishwa dohanini. Ndani ya uwazi hupangwa magogo ya seramiki yaliyochongwa na kupakwa rangi hata yakafanana na mwaloni uliokauka, na chini yake gesi hutoka kwa matundu madogo na kuwaka kwa mwali wa manjano. Katika biashara hiyo huitwa moto wa pambo. Neno hilo si la kuremba bidhaa, lina maana kamili ya kiufundi: moto huo umeundwa kwa ajili ya macho, wala haukubaliwi kuwa chombo cha kupashia nyumba joto. Kilango cha chuma kilichomo kooni mwa dohani, ambacho hufungwa moto wa kuni ukizimika, sharti kibanwe kwa chuma kisifungike tena kabisa, ili gesi ikivuja au mwali ukiwaka vibaya, sumu ipande nje. Matokeo yake ni kwamba sehemu kubwa ya joto hupanda nje pia, na hewa ya sebuleni iliyokwisha kupashwa moto kwa fedha yako huifuata.

Nilimweleza mama hayo yote. “Moto wa pambo,” alirudia, akilipima neno ulimini. “Moto usiopika, usiopasha joto. Sasa unafanya nini?”

“Unatazamwa, mama.”

“Kama bibi harusi.”

Hapo nikafanya kosa ambalo sina wa kumtupia. Kabla ya kumwita fundi wa gesi, nilimwita mwashi ayatoe yale matofali ya upande wa mama. Kazi ilichukua asubuhi moja. Uwazi ulipofunguka nilichungulia kutoka sebuleni nikamwona mama, ng’ambo ya matofali meusi, ameketi kitandani akinitazama. Ilikuwa picha niliyoiota miezi mingi. Sikutazama juu. Ningetazama ningeona kwamba chini ya kizingiti, upande wake, matofali yalikuwa na masizi mazito yaliyotokeza nje kuelekea dari ya chumba, na upande wetu hayakuwa na kitu.

Fundi wa gesi alikuja siku iliyofuata, mzee mpole mwenye futi ya chuma na kamera ndogo iliyofungwa kwenye fimbo ndefu. Aliipandisha kamera dohanini, tukautazama utumbo wa nyumba yetu kwenye kioo kidogo: vigae vya udongo vimepangwa kimoja juu ya kingine, vingine vimepasuka kingo. Kisha akapima uwazi wa kwanza, akapima wa pili, akaandika tarakimu kwenye kisanduku cha kadibodi. Kuna kanuni ya zamani katika ufundi wa dohani, alisema. Njia ya moshi iwe na eneo lisilopungua sehemu moja ya kumi ya eneo la uwazi wa moto. Uwazi wetu mmoja ni sentimita 90 kwa 70, yaani sentimita za mraba 6,300, na sehemu yake ya kumi ni 630. Njia ya moshi ilikuwa na sentimita 28 kila upande, yaani 784. Kwa uwazi mmoja inatosha na kubaki. Lakini moto wa pande mbili huhesabiwa pande zote mbili: 12,600, na sehemu ya kumi ni 1,260. Dohani yetu ilikuwa imejengewa moto wa jicho moja.

Nilitaka kubishana, kama ada yetu sisi tunaojua maneno mengi. Nikasema hii ni gesi, haina moshi. Akanijibu kwamba gesi inayoungua vizuri hutoa mvuke wa maji na hewa ya ukaa, na inayoungua vibaya hutoa kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu, na kwa sababu hiyo ni mbaya kuliko moshi, kwa kuwa moshi angalau huonekana na hunuka. Kisha akauliza upande wa pili analala nani.

Badala ya kuendelea kusema, alisokota gazeti, akaliwasha, akalishika katikati ya uwazi. Moshi ulipanda kidogo, ukasita. Mke wangu alikuwa akiingia kwa mlango wa mbele wakati huo huo, na pumzi ile ya upepo wa nje ikatosha. Moshi wote uligeuka, ukaingia chumbani kwa mama.

Alikohoa. Kikohozi chake nakijua, huanza kama mtu anayesafisha koo na huishia kikimkunja kiuno. Lakini kabla ya kukohoa nilimwona, kupitia kwenye ule uwazi, akifanya kitendo ambacho sikuwa nimekiona kwa miaka arobaini: aligeuza uso upande wa kushoto, akafumba jicho la kulia, akainua ncha ya kanga mdomoni. Alifanya hivyo upesi kuliko fikira. Ndivyo alivyokuwa akikaa jikoni. Nilikuwa nimekisahau, maana sisi watoto tulikuwa tumeketi upande ambao upepo haukuleta moshi. Yeye ndiye aliyetupanga tukae huko.

Fundi alilizima gazeti ndani ya ndoo ya maji. Hakusema neno. Nami nilifahamu sasa aliyeziba upande ule aliziba kwa nini.

Wakati mama akipumzika chumbani kwa wajukuu, niliketi na kamusi, kwa kuwa ndiyo tabia yangu ninaposhindwa. Neno dohani asili yake ni Kiarabu, na huko lina maana ya moshi wenyewe. Sisi tulilichukua tukaliita bomba la merikebu na tundu la paani, yaani tuliita njia kwa jina la mpitaji. Lakini mabara, katika nyumba za udongo, neno hilo halikuwa na kazi, kwa sababu kitu chenyewe hakikuwapo. Lushoto ilipokuwa ikiitwa Wilhelmstal, Wajerumani walijenga huko nyumba zenye dohani kwa ajili ya baridi ile ile iliyotuuma sisi. Mama amenisimulia kwamba akiwa mtoto aliuona moshi ukitoka juu ya paa la nyumba moja kubwa ya zamani, akakimbia kumwambia bibi yake kwamba nyumba inaungua. Bibi akamwambia haiungui, ila moshi wao wameufundisha njia. Nimeisikia hadithi hiyo mara nyingi nikaicheka kama hadithi ya ushamba wa mtoto. Jioni ile sikuiona inachekesha. Nyumba ile haikuwa na moto bora kuliko wetu. Kuni zilikuwa zile zile, kutoka msitu ule ule. Tofauti ilikuwa tundu.

Fundi alirudi baada ya wiki na mpango mwingine, ghali zaidi. Ni sanduku la chuma lenye vioo pande zote mbili, vimefungwa kabisa, na ndani yake magogo yale yale ya seramiki. Kutoka juu ya sanduku mabomba mawili ya chuma laini hupandishwa ndani ya dohani ya zamani hadi paani: moja huleta hewa ya nje ya kuulisha moto, na la pili hutoa kilichoungua. Moto huo haunywi hewa ya chumba cha mtu wala haumtemei pumzi yake. Kanuni ya sehemu ya kumi haiuhusu, kwa kuwa hauna uwazi. Na tena si pambo tupu, kwani hutoa joto la kweli kupitia vioo. Nilisaini.

Kazi yenyewe ilichukua siku mbili na sina mengi ya kuieleza. Matofali ya uwazi yalipanuliwa kidogo, mabomba yakashushwa kutoka paani kwa kamba, maungio ya gesi yakapakwa maji ya sabuni ili povu lionyeshe mahali panapovuja. Mkaguzi wa mji akaja, akatazama, akatia saini. Kengele ya kaboni monoksidi tulikuwa nayo tayari, maana sheria ya jimbo hili inataka iwe ndani ya futi 10 kutoka kila chumba cha kulala, lakini niliongeza nyingine juu ya mlango wa mama. Mara ya kwanza kuwashwa, sanduku jipya hutoa harufu kali ya rangi inayokauka, hivyo tulifungua madirisha yote jioni ya Novemba tukakaa na makoti ndani ya nyumba, tukiwa na moto tusioweza kuusogelea. Mwanangu mdogo alisema hii ndiyo mara ya kwanza anasikia baridi ndani ya nyumba hii.

Usiku wa pili mama aliketi upande wake, mimi wangu. Wavu wa chuma umewekwa mbele ya kioo kila upande, kwa kuwa kioo hicho huweza kuunguza mkono papo hapo. Nilimwona kati ya miali, miwani yake ikimetameta. Nikamsemesha. Hakusikia. Vioo viwili na moto kati yake haviachii sauti, na hilo fundi hakunieleza wala mimi sikuuliza. Ikabidi niinuke, nizunguke ukumbini, niingie chumbani kwake, nikae kwenye mkeka miguuni pake. Nikamuuliza, kwa kuwa nimekuwa nikilitafuta jina hilo kwa miezi: kitu hiki tukiite nini? Meko hakiwi, hakipiki. Jiko hakiwi. Mafiga sithubutu.

Hakufikiri hata kidogo. “Si chemni hii?”

Msomaji wa umri wangu anaijua chemni, kile kioo cha taa ya mafuta ya taa kilichotuna kiunoni. Neno lenyewe tumelichukua kwa Waingereza, ambao kwao dohani ya nyumba na kioo cha taa vina jina moja. Sisi tukaikataa ile dohani yao tukachukua kioo. Nikaanza kumweleza mama hayo, nikiwa na furaha ya mtu aliyeokota lulu, kwamba neno limesafiri hadi Usambara na sasa amelirudisha kwenye dohani. Aliniacha nimalize. Kisha akasema kwamba mikono yake ilikuwa midogo kuliko ya kaka zake, ndiyo maana kazi ya kuisafisha chemni ilikuwa yake. Kila jioni, akitoka jikoni, aliingiza mkono wote ndani ya kioo kwa kitambaa na majivu, akakifuta hadi kisionekane. Kaka zake wakasoma kwa mwanga huo. Naye aliketi karibu, kwa kisingizio cha kuangalia utambi, na ndivyo alivyojifunza herufi, akizisoma kichwa chini kutoka upande wa pili wa meza.

“Huo ndio moto nilioupenda,” alisema. “Ule wa jikoni nilikuwa nautumikia tu.”

Sikuwa na karatasi, nami nilijizuia nisiende kuitafuta.

Baada ya kitambo aliomba rimoti, akaushusha mwali hadi karibu na mwisho. Nilimwambia hauna haja ya kubana, gesi si ghali mwezi huu. Akasema mwali ukiwa mrefu kioo huingia masizi. Kwa taa ya utambi ni kweli. Kwa sanduku hili linaloingia ni utando mweupe kama ukungu, na kitabu cha maelekezo kinashauri lifutwe kwa kitambaa laini mara kwa mara, likiwa limepoa kabisa. Upande wa sebuleni nimekwisha kusahau mara tatu, na sasa nikiketi jioni huuona moto kama mtu mwenye mtoto wa jicho. Upande wa mama kioo hakionekani.